Kizibo cha Mgomba

Siwezi kukaa karibu na maji yanayoisha. Ukinikaribisha kwako ukafungulia sinki baada ya kuosha vyombo, mimi nitakuwa nimesimama kabla haijatoka ile sauti ya mwisho, ile ya kukoroma, maji yakimezwa na tundu. Nyumbani maji ya kufulia namwagia mbali, beseni zima kwa mara moja, uso nimeugeuza. Jirani yangu wa soko la Khayega, tunayeuza naye mboga, aliniona siku moja nikifanya hivyo akacheka hadi akashika kiuno. "Muhonja, kwani hayo maji yamekukosea nini?" Nikacheka naye. Ningeanzia wapi kumweleza?

Nitaanzia kwa mjomba Imbali, maana ndiye tuliyemzika juzi. Watu walipokuwa wanatawanyika, mjane wake, Anti Felistas, alinivuta nyuma ya jikoni akanipa kitu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa. Nilikijua kabla sijakifungua, kwa harufu. Tumbaku na tope la bwawa. Ni kile kioo chake cha kukuzia, kidogo kama kifuniko cha soda, kinachokunjwa ndani ya ganda lake la chuma. Nikakaa juu ya kuni.

"Alisema hii ni yako," Anti akasema. "Na uambiwe alienda nayo kwenu, na ile mimea kwenye sahani ya maji, mtoto alipokufa kwa bwawa. Alitaka waangalie waone ile mimea haina makosa, na wewe hauna. Wakamfukuza."

"Nani alimfukuza?"

"Si hao hao? Mzee Mukolwe na nyanya yako. Wewe ulikuwa umeshapelekwa Lugari."

Miaka yote hii mimi nilijua hakuna hata mtu mmoja aliyenisimamia. Kumbe alikuwepo mmoja, na alitembea na sahani ya maji mkononi kutoka Isecheno hadi kwetu, na hakuna aliyeinama kuangalia. Tangu siku hiyo sijatulia. Naandika nikisimama, naenda mlangoni, narudi. Nitasema majina. Wengine wamekufa, na kufa hakujawafanya wawe watu wazuri.

Kwetu ni upande wa Shinyalu, mteremko unaoanza barabarani kwenye mahindi na kuishia bondeni kwenye kijito. Baba alikuwa anakata miwa mbali, tukimwona mwisho wa mwezi. Mama alichuma majani chai ya watu tangu asubuhi. Sisi watoto tulikuwa mikononi mwa Kukhu, ndiye nyanya yetu mzaa baba, na Kukhu naye alikuwa mikononi mwa kitinda mimba wake, baba mdogo Ashioya. Alimpenda huyo kijana vibaya. Ashioya alikuwa na sura nzuri, sauti nzuri, na fahali wa kupigana aliyeitwa Simiti. Tena alikuwa na bwawa la samaki. Ashioya akikohoa, Kukhu anaweka chai.

Bwawa lenyewe lazima nilieleze, kwa sababu kila kitu kiko hapo. Ashioya alikuwa amejenga ukuta wa udongo kuziba bonde, na chini kabisa ya ukuta akapitisha bomba la saruji lililobaki watu walipotengeneza barabara. Upana wake ni kama sahani ya ugali. Upande wa ndani, majini, mdomo wa bomba ulikuwa wazi. Upande wa nje, huko chini nyuma ya ukuta, ndiko kulikokuwa na kizibo: kipande cha mgomba urefu wa mkono, kimefungwa gunia, kimegongwa ndani kwa kisigino cha jembe. Gunia likilowa linavimba, tone halipiti. Siku ya kuvua, anashuka nyuma ya ukuta, anakisokota, anakivuta, anaruka pembeni, maji yanatoka kama fahali aliyefunguliwa.

Lakini kabla ya hapo wasichana waliingia majini na vikapu, wakikanyaga tope ili ngege, ndio samaki wenyewe, watoke walikojificha. Na kwa kuwa mtu aliye nyuma ya ukuta haoni waliomo ndani, palikuwa na desturi. Anayeshika kizibo huuliza kwa sauti kubwa, "Mmetoka?" Msichana mkubwa kati ya waliokuwa majini, akiwa ameshahakikisha wenzake wako juu, hujibu, "Tumetoka!" Mara tatu huulizwa, mara tatu hujibiwa. Ndipo kizibo kinaguswa. Kwetu hata mtoto asiyejua kuhesabu alijua hiyo. Na mwaka ninaousimulia msichana mkubwa nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu Imali alikuwa na sita.

Mjomba Imbali, kaka yake mama, alifanya kazi msituni Isecheno, kuwabebea ndoo wageni waliokuja kusoma mimea na nyani. Mmoja wao alipoondoka alimwachia kile kioo. Shule zilipofungwa mjomba alikuja kunichukua nikakae kwake wiki moja. Asubuhi ya kwanza alinipeleka kwenye kidimbwi kilichotuama kati ya miti, akatumbukiza mkono, akatoa kitu kama nyuzi za kijani zilizotatana, akakilaza kwenye sahani nyeupe yenye maji.

"Hii haina mizizi," akaniambia. "Haina shamba. Inaelea tu kama mlevi. Sasa inakula nini?"

"Maji?"

"Ungekuwa unashiba maji, ungenisumbua nikusongee obusuma kila jioni? Angalia hizi punje."

Kwenye zile nyuzi kulikuwa na punje, ndogo kama simsim, nyingine kijani, nyingine nyeusi. Nikasema ni mbegu. Akasema, "Ni tumbo. Kila moja ni tumbo." Akanishika kisogo, akaniinamisha hadi kope zangu zikagusa kioo.

Kwanza sikuona kitu. Halafu kitu kikaja. Kilikuwa kifuko, kimekaa kama harage, kimeshikwa kwenye uzi kwa kikonyo kifupi. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kama ganda la harage lililolowekwa usiku kucha, unaona mpaka ndani. Upande mmoja kilikuwa na mdomo. Juu ya mdomo kulikuwa na sharubu mbili zenye vitawi vitawi, na mjomba akasema hizo kazi yake ni kuonyesha njia, mdudu akiogelea anazifuata mwenyewe hadi mlangoni, hasukumwi na mtu. Mlango ulikuwa kipande cha ngozi kilichoshikwa kwa juu tu, kikaning'inia kama pazia, na chini yake kimekaa juu ya kizingiti kikaziba kabisa. Kwenye huo mlango, karibu na chini, zilikuwa zimesimama nywele chache, ngumu, zimetazama nje.

"Hizo ndizo usiguse," mjomba akasema. "Sasa angalia mbavu zake. Zimeingia ndani au zimetoka nje?"

"Zimeingia."

"Wazee wakinyonya busaa kwa mrija, mashavu yanakuwanga namna gani?"

Nikayavuta mashavu yangu ndani hadi yakashikana. Akacheka. "Hivyo hivyo! Huko ndani kuna vidude vidogo vinatoa maji nje, kidogo, kidogo, mpaka mbavu zinabonyea. Maji ya nje yanataka kuingia, mlango umekataa. Basi kinakaa hapo kimebana pumzi, kinangoja. Mdudu akigusa unywele mmoja tu, mlango unakunjika kwa ndani, mbavu zinafutuka, maji yanaingia kwa nguvu na yeye katikati yake. Fwap! Mlango umerudi. Hata hajui amekufa."

"Halafu?"

"Halafu kinakula polepole, na huku kinaanza kutoa maji tena. Hakichoki kujitega."

Kisha nikauliza kilichokuwa kinanichoma. "Kinaweza kula mtu?"

Mjomba alikuwa mtu wa mzaha, Mungu amrehemu. Alikaza uso kama karani. "Hiki bado mtoto. Ukikilisha vizuri kikakua, kitameza polisi na gumbuti zake."

Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Mjomba hakuwa amewahi kunidanganya.

Nilirudi nyumbani na mkebe wa mafuta ya kupikia umejaa maji na vifuko. Sikujua niviweke wapi, nikavimwaga kwenye bwawa la Ashioya, kwenye kona iliyotulia, karibu na lilipo bomba. Vilipenda pale. Kabla ya msimu kwisha vilikuwa vimetanda kama mkeka, na maua madogo ya manjano yakasimama juu ya maji, mazuri, ungedhani hayana habari na kinachofanyika chini. Nilivilisha. Nilikusanya viluwiluwi vya mbu kwenye maji ya paa, nikavichukua kwa kijiko. Imali alikuwa ananifuata, anasimama mbali, kidole mdomoni.

"Vimefika ukubwa gani?" aliniuliza.

"Bado havijaweza kula mtu. Vinaweza kula kuku."

"Hata ingokho ya Kukhu?"

"Hiyo kwanza. Ina mdomo mwingi."

Alicheka hadi akakaa chini. Kile kicheko ndicho ninachokikumbuka zaidi kuliko uso wake. Uso umeanza kunitoka. Nasema ukweli, na unaniuma kusema.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya fahali. Simiti alikuwa anapigana Khayega asubuhi, na Ashioya alikuwa amealika nusu ya kijiji kuja kula samaki baadaye, ashinde asishinde. Hakulala. Tangu mapambazuko alikuwa anatembea kati ya zizi na bwawa, anafoka, anaimba, anamfokea Kukhu maji ya kunawa, anatufokea sisi. "Ingieni majini! Kanyageni! Nikirudi nataka ngege wamelala kwenye tope wananisubiri!" Tuliingia wanne: mimi, Imali na wasichana wawili wa jirani. Maji yalinifika kifuani, Imali shingoni. Alishika mkono wangu kwa nguvu. Tope lilikuwa baridi, linateleza kati ya vidole.

Halafu ngoma za isukuti zikaanza kusikika juu barabarani. Zilikuwa zimemfuata fahali wa kijiji cha pili, zinakaribia, filimbi, vuvuzela za pembe, wanaume wakiimba. Wale wasichana wawili wakatupa vikapu wakatoka mbio kwenda kuona. Imali naye alitaka. "Dada, twende," akasema, akaniachia mkono, akaelekea ukingoni kwa njia ya karibu, kwenye kona ya maua ya manjano.

Nikaona yale maua yakiinama. Yote, kwa pamoja, upande mmoja. Kisha yakaingia chini ya maji kama yameitwa. Imali akasema "Dada" mara moja tu, kwa sauti ya mtu aliyeshangaa, akashuka.

Nilimshika. Hilo nataka lijulikane. Nilimshika kwapani nikavuta, na kitu kikavuta upande wa pili, na kile kilikuwa na nguvu kuliko mimi na mama na baba tukiwekwa pamoja. Mguu wake ulikuwa umeingia mahali. Nikapeleka mkono wa kulia chini nitafute ulipo, na mkono wangu nao ukachukuliwa, ukabanwa kati ya paja lake na kitu kigumu. Nikabaki nimeinama, kidevu majini, naona kisogo chake, nywele zake zinaelea pamoja na zile nyuzi za kijani. Nilipiga kelele. Ngoma zilikuwa zimefika usawa wa nyumba yetu.

Sijui ilikuwa muda gani. Najua nilivyofikiri. Nilifikiri: vimeshiba, vimekua, vimeungana vikawa kimoja. Amegusa unywele. Nilifikiri: ni mimi niliyevilisha.

Halafu, kwenye mkono, si kwenye sikio, nikahisi kitu kikigonga. Tum. Tum. Tum. Tum. Kilipita kwenye kile kigumu kikaingia kwenye mfupa wangu hadi begani. Na kwa kila pigo ile nguvu ikapungua, hadi ikaacha. Nikatoa mkono, vidole viwili vimevunjika. Imali akapanda juu mwenyewe, taratibu. Nilidhani ule ulikuwa mlango umejifunga. Nilidhani ule ulikuwa moyo wa kile kitu.

Kukhu alitokea juu ya ukuta akaja kutuchukua, tope limemfika viwikoni, khanga imelowa. Watu wakaja. Ashioya akaja wa mwisho, anahema, ana kijiti cha kumwongoza fahali mkononi. Na mimi nikasema mbele ya wote yale niliyoyaamini: "Ni mimi. Ni vifuko vyangu. Mimi ndiye niliyefanya."

Naona mpaka leo jinsi Ashioya alivyonigeukia. Palikuwa na kitu usoni mwake, na ilinichukua maisha mazima kukipa jina. Kilikuwa nafuu. "Mmesikia?" akawaambia watu. "Mmesikia mtoto amesema mwenyewe?"

Mzee Mukolwe, aliyekuwa mzee wa mtaa, alifika na daftari lake. Vifuko havikuingia kwenye daftari, vilikuwa upuzi wa mtoto. Alichoandika ni kwamba mtoto Muhonja alikuwa akivuta magugu kwa mchezo, akalegeza kizibo, maji yakafunguka. Aliwasomea watu wote. Kukhu alikuwa amekaa pale, tope linamkauka mikononi, hakufungua mdomo. Mama alifungua, daftari hakulijali. Alinishika mashavu mawili akaniuliza kitu kimoja: "Muhonja, alipouliza, ulimjibu nini?"

Nikasema sijui. Kwa sababu sikujua. Zile ngoma. Yale makelele. Labda aliuliza. Labda, kwa mazoea, bila kufikiri, mdomo wangu ulisema tumetoka.

Wiki hiyo hiyo nilipelekwa Lugari kwa shangazi, kwenye mahindi ya watu, na sikurudi shule tena. Shangazi aliwaambia majirani zake wasinitume kisimani. Watoto wa huko waliipata habari, maana habari mbaya haihitaji baiskeli, wakaniita Mzibua. "Mzibua, fungulia mvua!" Nilizoea. Vidole vyangu viwili vilipona vimenyooka, havikunjiki, na hadi leo nahesabu mafungu ya sukuma wiki kwa mkono wa kushoto.

Nilipokua, ile hofu ya vifuko iliisha yenyewe, kama viatu vinavyokubana siku moja huvivai tena. Lakini swali la mama halikuisha. Nilizaa watoto watano, nikawazika wawili, nikaachwa na mume mmoja, nikamwacha wa pili, na katikati ya hayo yote, nikiwa napepeta mahindi au nimeketi kanisani, linakuja: alipouliza, ulimjibu nini? Nimelijibu namna zote. Kuna miaka nilikuwa na hakika kwamba nilijibu. Nilijisikia kabisa nikisema.

Basi baada ya mazishi ya mjomba nilichukua kile kioo nikapanda pikipiki hadi Isecheno. Kidimbwi bado kipo. Vifuko bado vipo. Nikavilaza kwenye kifuniko cha sufuria, nikainama, mwanamke mzima na magoti yake mabovu. Mwendesha boda aliyenileta alikuwa anangoja, akaniuliza, "Mama, umeangusha hereni?"

Nikakiona. Mlango, sharubu, nywele, mbavu zilizobonyea. Nikakitupia kiluwiluwi cha mbu. Kikajipinda, kikajipinda, mkia ukagusa. Sikuona mlango ukifunguka, hakuna jicho linaloweza. Niliona tu kwamba mkia uko ndani na mbavu zimefutuka. Lakini kichwa kilikuwa nje. Kiluwiluwi, kitu kidogo kuliko punje ya mchele, kilikuwa kikubwa mno kwake. Kilikwama mlangoni, nusu ndani, nusu nje, kinapiga piga. Hicho ndicho nilichokiogopa. Hicho ndicho wazee wenye ndevu walikataa kuinama kukiangalia.

Nilikaa kukitazama. Na ndipo nikagundua jambo ambalo lingepaswa kunijia miaka mingi iliyopita. Hakikutoa sauti. Kilifungua kimya, kikafunga kimya. Sasa ile tum, tum, iliyopita kwenye mfupa wangu ilikuwa nini?

Nilisimama hapo msituni nikasema kwa sauti, "Kisigino cha jembe." Mwendesha boda akaniangalia vibaya.

Ilikuwa Kukhu. Alikuwa nyuma ya ukuta, anarudisha kizibo. Lile tope la viwikoni lilikuwa la huko. Na kizibo kinachorudishwa kwa nje kimetolewa kwa nje. Mtoto aliye majini angevuta magugu yote ya Kakamega na asingekitikisa, maana maji yenyewe huvimbisha gunia likabana. Mtu alishuka, akakisokota, akakivuta, akakiweka kwenye nyasi, akaenda kutazama fahali. Kukhu alikikuta pale. Alijua tangu pigo la kwanza. Alimwokoa nani, mimi au Ashioya? Nadhani kwanza mimi, kwa mikono, halafu Ashioya, kwa mdomo. Simsamehe ile ya pili.

Lakini swali la mama bado lilikuwa limesimama. Alizibua yeye, sawa. Aliuliza? Na huyo hajafa. Ashioya yupo, mzee wa kanisa sasa, fimbo, meno ya kununua. Na bwawa lipo, na bomba ni lile lile.

Nilisikia wanavua Jumamosi, mjukuu wake anaoleka. Nikaenda. Nilikuta wanawake wamejaa ukingoni na mabeseni, wasichana saba majini wanakanyaga na kupiga kelele, na Ashioya anashushwa polepole nyuma ya ukuta, maana hata sasa hamwachii mtu mwingine kizibo chake. Nikavua viatu, nikaingia na sketi yangu.

"Wee Muhonja!" mmoja wa wanawake akaita. "Umekuja kuoga au kuvua?"

"Nimekuja kukanyaga."

Wakacheka. Nilitembea hadi kwenye kona, nikatafuta kwa mguu mpaka nikaupata mdomo wa bomba. Nikasimama mbele yake. Maji yalinifika kiunoni tu.

Ikaja sauti yake kutoka nyuma ya ukuta, nyembamba ya uzee. "Mmetoka?"

Wasichana wakatoka mbio. Mkubwa wao, mwembamba, kama wa miaka tisa hivi, akahesabu wenzake kwa kidole, akaniona, akakwama.

"Mwambie ukweli," nikamwambia.

Akafunika mdomo kwa viganja, kisha akamwitia babu. "Bado, Kuka! Kuna mama mmoja amekataa kutoka!"

"Mama gani?"

"Ni mimi, baba mdogo," nikasema. "Muhonja. Niko kwenye bomba. Pale alipokuwa Imali."

Beseni moja lilianguka likazunguka zunguka hadi likatulia.

"Toka, wageni wana njaa," akasema.

"Nitatoka. Niambie kwanza. Siku ile, uliuliza?"

Nilisikia mtu akimnong'oneza huko chini kwamba amwite mchungaji, naye akamwambia anyamaze. Nilijua ana jibu mkononi. Angesema tu ndiyo, niliuliza, wewe ukajibu. Nani angempinga? Mashahidi walikuwa ngoma. Maji yalikuwa baridi kwenye mapaja na nilikuwa naona, juu ya maji, ua moja la manjano, dogo kama ukucha. Vya kwangu. Havijawahi kuondoka.

"Sikuuliza," Ashioya akasema.

"Sema wasikie."

"Sikuuliza!" Sauti ikakatika. "Nilikuwa na haraka. Sikuuliza mtu."

Nikapanda ukingoni. Yule msichana alininyooshea mkono, na akanivuta vizuri, ana nguvu. Akahesabu tena wenzake, akanihesabu na mimi.

"Mmetoka?" ikaja kutoka chini.

"Tumetoka!"

Aliuliza mara tatu, na mtoto akamjibu mara tatu. Mimi nilifunga mdomo wangu. Sisi hatukutoka wote. Kizibo kikatoka, na maji yakaanza kwenda, nami nikasimama pale pale, sketi inadondoka, uso sikuugeuza, mpaka bwawa likakoroma.